Mashine za sukari zijaribiwe na wazee kabla ya kununuliwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mashine za kupimia sukari, ambazo siku hizi zimejaa majumbani mwetu hapa Pemba. Nyingine hununuliwa madukani mjini Unguja, na nyingi huja kwenye mabegi ya jamaa zetu walioko Maskati, Dubai na Uingereza. Kuwa nazo ni kheri kubwa. Ila aliyezitengeneza hakumfikiria bibi wa miaka 70 wa Wete mwenye mtoto wa jicho, anayejipima wakati wa daku kwa mwanga wa simu.

Nyumbani kwetu zipo mbili. Moja inahesabu kwa milimoli, kama watumiavyo Uingereza. Nyingine kwa miligramu, kama Marekani. Mama mkubwa akijipima kwa zote mbili, moja humwambia 9, ya pili 162. Majibu ni yale yale, maana milimoli moja kwa lita ni sawa na miligramu 18 kwa desilita (sehemu ya kumi ya lita), lakini alama ya kumjulisha ni kipimo gani imebanwa pembeni mwa kioo kwa herufi ndogo mno. Nukta nayo haionekani: 7.2 kwa macho yake ni 72.

Ukifika mwezi wa Ramadhani hili si suala la hesabu tena. Wagonjwa wa kisukari wanaofunga huelekezwa kwamba sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6, wafungue. Kwa miligramu mipaka hiyo ni 70 na 300. Sasa mchukue mzee aliyekariri namba za milimoli, akashika mashine ya miligramu, ikamwonyesha 60. Atadhani sukari imempanda kupita kiasi, kumbe imemshuka, na badala ya kunywa juisi atajizuia na kila kitu kitamu.

Kisha kuna ile LO. Sukari ikishuka mno hata mashine ishindwe kuitaja kwa namba, nyingi huandika LO kwa vile vijistari vya tarakimu za saa za kielektroniki. Itazame kwa jicho la mzee: ni rahisi kuisoma 10. Na 10, kwa aliyezoea milimoli, ni sukari iliyopanda kidogo tu, wala si ya mtu anayekaribia kuzirai. Aliyechora kioo kile alikuwa na macho mazuri na taa ya kutosha.

Ukilalamika unajibiwa, tena kwa upole, kwamba mzee hajui kutumia. Wauguzi nao huambiwa hivyo hivyo pampu ya dripu inapokosewa. Kule Marekani, FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, ilipokea taarifa zipatazo 56,000 za matatizo ya pampu hizo kati ya 2005 na 2009. Mwaka 2010 iliwageukia watengenezaji, ikataja hitilafu za programu na jinsi vioo na vitufe vinavyomchanganya mtumiaji. Haikusema kuwa wauguzi wa Marekani hawakusoma.

Kipo kiwango cha kimataifa, IEC 62366, kinachomtaka mtengenezaji apime kama watumiaji wanakiweza kifaa chake. Mwongozo wa FDA wa mwaka 2016 unataja wajaribuji wasiopungua 15 kwa kila kundi la watumiaji. Swali ni kina nani hao, maana kifaa kinachowafaa watu wa aina moja huweza kuwakosea wengine. Utafiti wa madaktari wa Michigan uliotoka mwaka 2020 ulionyesha kuwa vile vibanio vya kidoleni vya kupimia oksijeni viliukosa upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko kwa weupe.

Kwa hiyo ombi langu kwa Wizara ya Afya, Bohari Kuu ya Dawa na ZFDA, wakala wa chakula na dawa wa Zanzibar, ni hili: kabla zabuni yoyote ya mashine za kutumiwa nyumbani haijasainiwa, sampuli zipelekwe Micheweni, Kojani na Makunduchi. Watafutwe wazee 15, wapewe mashine pamoja na karatasi yake ya maelekezo, bila somo lolote, na mtu akae kando aandike wanapokwama. Asiwasaidie. Hapo ndipo pagumu, maana sisi tukimwona mzee anahangaika mkono hututangulia. Mashine itakayochaguliwa iwe ya milimoli tu, isiyoweza kugeuka kwa kubonyezwa kitufe kwa bahati mbaya, na maelekezo yawe ya Kiswahili cha kawaida yenye picha.

Jamaa zetu wa nje nao, kabla hamjalipia zawadi hiyo, ulizeni kliniki ya mzee wenu inaandika kwa kipimo gani, na kama vijiti vya mashine hiyo, vile vya kuwekea tone la damu, vinauzwa huku. Vya kampuni moja haviingii kwenye mashine ya nyingine.

Msomaji wako,
Chake Chake, Pemba