Kaka, usiuze tena embe zikiwa mtini

Fresno, California
14 Septemba

Kaka Mwinyi,

Shikamoo. Mama mpe shikamoo yangu mbili, ya asubuhi na ya jioni, na umwambie ile sauti yake aliyoirekodi kwenye simu ya Zuhura nimeisikiliza mpaka nimeikariri, hata kikohozi cha katikati nakijua kinakuja wapi. Huku wazima. Mgongo ulinisumbua mwezi wa saba, sasa umetulia. Watoto wamefungua shule.

Ombi lako la milioni tatu nimelipata, na la Zuhura la ada nimelipata. La Zuhura nilituma siku ileile. La kwako nimekaa nalo siku kumi na mbili. Pesa ipo, ila nilikuwa na hasira, nikaona nikipiga simu nitatamka neno ambalo mdogo hamwambii mkubwa wake. Ndiyo maana naandika.

Kwanza la mwaka jana. Miti kumi na minane ya dodo uliiuza embe zikiwa bado mbichi, ngumu kama jiwe, kwa mlanguzi wa Kariakoo, na Mama akaja kujua alipoona vijana wasiomjua wamepanda mti wa Baba. Mti ule, Kaka. Waliuchuma mpaka ncha, hawakubakiza hata la mtoto kuokota asubuhi. Pesa ikaenda kwenye pikipiki ambayo sasa haitembei. Nimenyamaza mwaka mzima. Leo nimelisema na sitalirudia.

Sasa hili la kikundi cha kukausha embe. Hapo moyo wangu ulifunguka, wallahi. Nilisoma ujumbe wako mara tatu nikiwa kwenye maegesho ya kazini. Maana hicho unachotaka kuanza ndicho ninachokila na kukivaa mimi miaka tisa sasa. Nilipowaambia nimefanywa msimamizi wa zamu ulisema, “Msimamizi wa zabibu kavu!” na mkacheka wote barazani. Nisikilize basi huyo msimamizi wa zabibu kavu. Nina watu thelathini na wanne chini yangu, tani na tani za zabibu hupita mbele ya macho yangu kila usiku, na hakuna sanduku linalotoka bila mimi kuridhika. Mwanamke kutoka Mkuranga.

Wiki hizi ukija huku utashangaa. Zabibu nyingi hazikaushwi kiwandani, zinakaushwa palepale shambani. Mwisho wa Agosti wanakata vishada, wanavitandaza juu ya karatasi kati ya mistari ya mizabibu, vinalala juani wiki mbili hadi tatu. Vikikauka upande mmoja vinageuzwa. Bonde zima linanuka sukari. Jioni nikirudi nafungua vioo vya gari, ile harufu inanipeleka moja kwa moja nyuma ya jiko letu msimu wa embe, nyuki wakiwa juu ya maganda. Hapo ndipo ninapolia kidogo, kisha naendelea na safari.

Na hofu yao ni moja: mvua ya Septemba. Mwaka 1976 masalia ya kimbunga Kathleen yaliwakuta zabibu zikiwa chini hivyohivyo, hasara ikawa kubwa mno. Kilo nne na zaidi za zabibu mbichi ndizo zinazotoa kilo moja ya kavu. Embe ndiyo kabisa, ukitoa ganda na kokwa. Kwa hiyo usipige hesabu ya matenga uliyochuma, piga hesabu ya kitakachobaki kwenye kichanja. Na embe zetu zinaiva pamoja na mvua za vuli, unajua mwenyewe. Bila nailoni juu ya vichanja utakausha ukungu.

Nataka nikueleze habari ya watu wa hapa, kwa sababu waliyapitia yote unayoyataka wewe na yote ninayoyaogopa mimi.

Waanzilishi wa biashara hii Fresno wamo wanawake, mwambie Mama hilo. Walimu wanne kutoka San Francisco, mkubwa wao Minnie Austin, walinunua viwanja kwenye ardhi kame iliyokuwa imeanza kuchimbiwa mifereji, wakapanda mizabibu. Shamba wakaliita Hedge Row. Mwaka 1878 wakafungasha masanduku 30 tu ya zabibu kavu. Thelathini, Kaka, hayajazi hata nusu ya kirikuu. Mwaka 1886 walishafika masanduku 7,500. Walimu! Nikipita upande ule wa mji, siku hizi ni nyumba tu, nawakumbuka na vidole vyao vya chaki wakipanga vishada.

Lakini wakulima walipokuwa wengi, aliyekula ni mwenye kiwanda cha kufungasha. Mkulima anamkabidhi zabibu zake, anarudi nyumbani kusubiri. Yule anauza mbali huko, kwa bei aliyoipata yeye, anakata gharama zake kwanza, kinachobaki ndicho cha mkulima. Unaisikia hiyo? Hiyo ni kangomba ya korosho, ulanguzi uleule wa kumlalia mkulima, imevaa suti tu. Mwaka 1898 bwana mmoja tajiri, M. Theo Kearney, akawaunganisha kwenye chama chao cha kwanza kikubwa. Kilivuma miaka michache kikafa, na mwenyewe akafia baharini mwaka 1906 akisafiri kwenda Ulaya. Nyumba yake ipo hadi leo katikati ya bustani kubwa, niliwapeleka watoto Juni tukala wali kwenye nyasi.

Wakajaribu tena 1912. Safari hii wakaunda kampuni, California Associated Raisin Company. Wakulima wananunua hisa, wanatia saini mkataba kwamba zabibu zao zote zitapita hapo, na kampuni ndiyo inayofungasha na kuuza. Sehemu kubwa kabisa ya zabibu za California ikawa mikononi mwao. Halafu wakafanya jambo ambalo ndilo nakuandikia: wakalipatia sanduku jina. Mwaka 1915 wakaanza kuuza kama Sun-Maid, jina lenye maana mbili kwa Kiingereza, binti wa jua na pia kitu kilichotengenezwa na jua. Yule msichana mwenye kofia nyekundu kwenye pakiti, zile ndogo ninazokuleteeni nikija, alikuwa mtu kweli. Lorraine Collett, msichana wa hapahapa Fresno, na kofia ile ilikuwa ya mama yake. Mwaka huohuo kulikuwa na maonyesho makubwa ya dunia San Francisco, wakampandisha ndege akawamwagia watu zabibu kutoka juu. Leo kofia yenyewe imehifadhiwa kwenye makumbusho ya taifa kule Washington.

Fikiria. Zabibu ni zabibu, za huyu na za yule zote nyeusi zimekunjamana. Ila mama wa New York akienda dukani hakuomba tena zabibu, aliomba zile za msichana wa kofia. Mwaka 1922 hata kampuni ikabadili jina ikafuata la sanduku. Kaka, mlanguzi wa Kariakoo ananunua embe, haijui dodo ya Mama. Siku embe ya Mama itakapokuwa na jina, hatapanda tena mtu mti ule bila kubisha hodi.

Hapa pa kufuata usimsomee Mama, soma mwenyewe.

Zuhura amenieleza la Shangazi Mwantumu. Kwamba amekataa kuingia kikundi, nawe ukamwambia hatapitisha tena matenga yake kwenye njia ya shamba letu, na kwamba vijana wako “watamfundisha”. Nilisoma neno hilo nikalazimika kukaa chini.

Na watu wa hapa walifanya hivyohivyo. Kampuni ilihitaji karibu kila mkulima atie saini, maana wakibaki wengi nje wanaivunja bei. Basi miaka ya mwanzo ya 1920, waliokataa wakaanza kufuatwa usiku na makundi ya watu. Walitishwa, wengine wakapigwa, mizabibu yao ikakatwa. Wamo wakulima Waarmenia na Wajapani, watu waliokimbilia huku kutafuta riziki kama mimi. Kazini yupo mama mmoja Mwarmenia ambaye babu yake alilima enzi hizo. Nilipomuuliza alikaa kimya kwanza, halafu akasema kwao walikuwa wakizima taa mapema. Miaka mia imepita, Kaka, na mjukuu bado anajua kwamba taa zilizimwa mapema.

Na saini zile hazikuwaokoa. Serikali ya Marekani ilikuwa imeshawashtaki mwaka 1920 kwa kuhodhi soko. Ni kweli kelele hizo zilichangia kuzaa sheria nzuri, ile ya Capper-Volstead ya 1922, inayowaruhusu wakulima kuungana kuuza mazao bila kuhesabiwa wahalifu. Lakini bei ilikuwa imepanda sana baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wakapanda mizabibu mipya kila kona, bei ikaanguka, na kufikia 1923 madeni yalikuwa yameielemea kampuni ikabidi iundwe upya. Waliolazimishwa na waliolazimisha wote waliumia.

Kampuni ipo mpaka leo, kiwanda chao kikubwa kiko Kingsburg tangu 1964. Mimi sifanyi kwao, lakini napita pale nikienda kwa rafiki yangu na ninapaheshimu. Ninachosema ni kwamba ilisimama kwa ubora wa sanduku, haikusimama kwa wale wa usiku.

Shangazi Mwantumu hana ubishi wa bure. Wewe na mimi tulikuwepo msimu ule alipopeleka magunia sita ya korosho kwenye chama, akazungushwa nenda rudi mpaka mjomba akafariki bila dawa. Nani kati yetu alimwendea akamwambia pole ya maana? Miti yake ya boribo ni tisa tu. Mwache. Mnunulie embe zake kwa fedha taslimu siku ileile, kwa mzani ambao anauona yeye mwenyewe. Mwaka wa pili atakuja bila kuitwa. Asipokuja, bado ni shangazi yetu aliyetubeba mgongoni, na njia ya shamba Baba aliiacha wazi kwa ajili yake kabla wewe hujaota ndevu. Ukamwombe radhi. Uende na Zuhura ili nipate habari.

Pesa natuma, lakini si kwa mkupuo. Milioni na laki mbili Ijumaa hii, ya vichanja, nailoni, na visu visivyoshika kutu. Nyingine nitatuma Novemba nikishaona picha ya vichanja vimesimama. Usikasirike. Hata hapa fedha ya mkulima huja kwa awamu, na hakuna anayeona ametukanwa. Wafundishe wanaokata wapate vipande vya unene mmoja, maana kimoja kinene kikibaki na maji kinaozesha mfuko mzima. Mimi nimerudisha mizigo mizima kwa kosa hilo, tena usiku wa manane na madereva wananisubiri. Mikono ioshwe. Anayekohoa akae nyumbani. Vilivyoungua na vyeusi visichanganywe na vizuri hata kama vinauma kuvitupa, wapeni watoto.

Walanguzi wataanza kupita mwezi ujao kutazama miti. Wakija mwambie Mama mwenyewe ndiye awajibu. Natamani niwepo niione sura yake.

Mimi nitajitahidi kuja Desemba, likizo nimeomba ila sijajibiwa. Huku hata dukani kuna embe, zimetoka Mexico, nzuri kwa macho, nazila huku nimefumba macho na bado sio. Nakumbuka usiku dodo likianguka juu ya bati tunashtuka wote, halafu Baba anacheka gizani.

Jambo la mwisho. Jina la mfuko msilichague bila mimi. Mwambie Zuhura ampige Mama picha asubuhi, jua likiwa bado la upande, chini ya mti wa Baba, amevaa ile kanga ya njano ya harusi ya Zuhura na amejitanda kama anavyojitanda akienda sokoni. Asimwambie acheke. Anitumie kabla ya Ijumaa.

Wifi na watoto wote nawasalimu. Shangazi Mwantumu msalimie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako.

Mdogo wako,
Rehema