Kwa Salim, kuhusu ala ya bastola

Houston, Texas

Ndugu yangu Salim,

Salamu nyingi zikufikie hapo Tanga, wewe na shemeji na watoto. Mimi huku mzima, hofu ni kwenu tu.

Ulinicheka kwenye simu niliposema mteja aliingia dukani na bastola kiunoni, akanunua soda na barafu, akaaga, akaenda zake. Ukadhani natia chumvi. Kisha ukauliza swali la fundi ngozi, ambalo mimi miaka yote hii sikuwahi kujiuliza: "Hiyo ala yake ina kishikizo cha kuizuia bastola isichomoke?" Basi tangu siku hiyo nachungulia viuno vya watu. Kazi mbaya hiyo, usiombe.

Hapa Texas bastola ilianza kubebwa waziwazi kwa leseni tarehe 1 Januari 2016, na sheria ikataka ikae kwenye ala ya kiunoni au ya begani. Tangu Septemba 2021, mtu wa miaka 21 na kuendelea ambaye hakatazwi silaha hahitaji tena leseni, na yale maneno ya kiunoni na begani yakaondolewa. Limebaki neno ala. Iwe ya ngozi au ya plastiki, iwe imebana au inapwaya kama kiatu cha kurithi, sheria imenyamaza. Kishikizo chako hakimo.

Ila walikijua! Sheria ileile ya kwanza, iliyopitishwa 2015, iliagiza darasa la leseni lifundishe ala zinazoishika bastola isichomoke wala kunyakuliwa. Wakafundisha, wasilazimishe. Sasa hata darasa ni la anayetaka.

Wewe ungefurahia namna zinavyotengenezwa. Nyingi ni plastiki ngumu inayopashwa moto na kufinyangwa kufuata umbo la bastola, ikae kwa kubanwa tu. Nyingine zina kikanda cha ngozi juu, unakisukuma kwa dole gumba. Za polisi mara nyingi zina vizuizi viwili au vitatu: kofia ndogo inayofunika nyuma ya bastola, na kijifuli cha ndani. Asiyejua mpangilio wake atavuta mpaka achoke. Watengenezaji huzipanga kwa madaraja, lakini daraja la huyu si lazima lilingane na la yule.

Mwezi jana jamaa mmoja aliinama kujaza upepo kwenye tairi, bastola ikachomoka ikadondoka kwenye sementi. Ko! Tukaganda wote. Akaiokota, akaipangusa vumbi, akaomba radhi kama aliyeangusha funguo. Mwenzangu wa zamu akaniambia: siku ikikuponyoka wewe, usiidake, iache ianguke. Bastola za siku hizi kwa kawaida hazifyatuki kwa kuanguka. Kidole kinachohangaika kuidaka ndicho kinachopita kwenye kifyatulio.

Bosi sasa anataka kubandika bango la 30.07, namba ya kifungu cha sheria kinachomruhusu mwenye duka kuwakataa wenye leseni wanaobeba bastola waziwazi. Herufi zisipungue inchi moja, Kiingereza na Kihispania, kila mlango. Milango yetu ni miwili, na ukuta umeshajaa matangazo ya bia.

Haya, na ule mkanda wangu umefikia wapi? Kiuno kimeongezeka, kata inchi 38. Na usiupachike ala yoyote, nitabeba simu tu.

Ndugu yako,
Juma