Kabla hujamvisha paka kola ya GPS

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. Matangazo ya kola za kumfuatilia paka yamejaa kwenye mitandao ya kijamii na maneno yake ni yale yale: mvishe paka, fungua simu, muone alipo, hakuna malipo ya mwezi. Nyuma ya maneno hayo kuna vifaa vya aina nne visivyofanana kabisa, na wauzaji wengi hawasemi wanauza kipi. Mnunuzi huja kujua siku paka hajarudi.

Swali la kumuuliza muuzaji ni moja: kifaa hiki kinanifikishia habari kwa njia gani? Setilaiti za GPS hazijui paka wako yuko wapi. Zinatuma mawimbi tu, kifaa kinayapokea na kupiga hesabu ya mahali kilipo, basi. Ili jibu likufikie wewe uliyeko sebuleni lazima kuwe na njia nyingine ya kulisafirisha, na njia hiyo ndiyo yenye gharama. Ukiambiwa kola ni ya GPS lakini haina laini, haina bando wala malipo yoyote, karibu kila mara unachouziwa si GPS.

Aina ya kwanza ni kola ya GPS ya kweli, nayo ina vitu vitatu ndani: kipokezi cha GPS, modemu yenye laini ya simu, na betri ya kuchaji. Za paka huwa na uzito wa gramu 25 hadi 35. Kabla ya kulipa, angalia inatumia 2G au 4G, na masafa yapi ya mawimbi. Mitandao yetu ya 2G iko kwenye megahezi 900 na 1800. Kifaa kilichotengenezewa soko la Marekani, cha 850 na 1900 peke yake, hakitashika mnara hapa hata ukiweka laini ya kampuni gani. Nyingine huja na laini iliyofungiwa ndani na malipo ya mwezi kwa kadi ya benki. Hizo hakikisha kwanza kama nchi yako imo kwenye orodha ya huduma yao, maana bila huduma hiyo umenunua plastiki.

Zile za kuweka laini mwenyewe zina maandalizi yake. Laini iwe imesajiliwa kwa jina lako. Iweke kwanza kwenye simu ya kawaida, uondoe PIN, uhakikishe inatuma meseji na kufungua intaneti, ndipo uihamishie kwenye kola. Ingiza APN (jina linaloiunganisha laini na intaneti) ya mtandao wako kwa kufuata maelekezo ya kifaa. Kisha badilisha nenosiri, kwa sababu vifaa vingi vya bei nafuu hutoka kiwandani na 123456. Ukiliacha hivyo, yeyote mwenye namba ya laini ile anaweza kuomba ramani ya paka wako, na anapolala paka wako ndipo unapolala wewe. Baadhi ya vifaa hivyo vina hata maikrofoni ya kusikiliza kwa mbali. Sababu ya kawaida kabisa ya kola kunyamaza, hata hivyo, ni ndogo: bando la wiki limekwisha na hakuna aliyekumbuka.

Betri nayo ina hesabu yake. Kola ikituma mahali ilipo kila baada ya sekunde chache, betri hiyo ndogo inaisha kwa saa chache. Ikituma kila baada ya dakika 10 au 30, inakwenda siku kadhaa. Kwa hiyo iache kwenye muda mrefu siku zote, na uhamie kwenye muda mfupi pale tu unapokuwa njiani ukimtafuta. Kama kola inaweza kutambua WiFi ya nyumbani, iwashe huduma hiyo, kwani GPS hupumzika paka akiwa ndani. Sisi wa pwani tuna adui mwingine: hewa ya chumvi huvishikisha kutu vile vyuma vya kuchajia. Vipanguse kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, vikauke, ndipo uchaji. Usichaji kola ikiwa shingoni mwa paka, na betri ikianza kuvimba, acha kuitumia siku hiyo hiyo.

Aina hiyo ya kwanza ina bandia zake: vile vifaa vidogo vya bei ya kutupa vinavyoitwa GPS ilhali ndani hamna GPS. Vina laini tu, na hukisia mahali kutokana na mnara wa simu ulio karibu. Kosa lake linaweza kuwa mita mia kadhaa mjini, na kilomita kadhaa nje ya mji ambako minara iko mbalimbali. Kuvitambua ni rahisi. Toka nje penye uwazi, omba mahali kilipo, tembea mita 100, subiri dakika chache, omba tena. GPS itaonyesha umesogea. Kifaa cha mnara kitakuonyesha pale pale, au kitaruka mtaa wa pili. Fanya jaribio hili mbele ya muuzaji.

Aina ya pili ni vidonge vya Bluetooth, yaani vidude vidogo vya kufunga kwenye kola, kama AirTag ya Apple. AirTag ina uzito wa gramu 11 na betri ya CR2032 inayokaa takriban mwaka, ndiyo maana watu huipenda. Lakini haina GPS wala laini. Inapiga mbiu tu, na iPhone yoyote inayopita karibu ndiyo inayopeleka habari kwa mwenye kifaa. Apple wenyewe wanasema waliitengeneza kwa ajili ya vitu, si wanyama. Katika mtaa wenye iPhone mbili tatu, paka anaweza kukaa uani kwa jirani siku nzima na simu yako isionyeshe lolote. Kwa watumiaji wa Android, Google nao walianzisha mtandao wa namna hiyo mwaka 2024, na simu za Android kwetu zimejaa. Hata hivyo, mpangilio wa kawaida unataka simu kadhaa zikione kifaa ndipo mahali paonyeshwe, kwa hiyo hufaa penye watu wengi kama sokoni na stendi, mahali ambapo paka aliyeogopa hathubutu kwenda. Jaribu hivi: mpe mtu kidonge akakae nacho nyumba ya tatu kutoka kwako, wewe ondoka na simu yako, uone habari zinakufikia baada ya muda gani. Waambie na majirani, kwa sababu paka akizoea kulala kwao, simu zao zinaweza kuwaonya kwamba kuna kifaa kisichojulikana kinachowafuata. Jambo la mwisho hapa ni betri: ziko CR2032 zilizopakwa dawa chungu ili watoto wasizimeze, na baadhi yake hazifanyi kazi ndani ya AirTag.

Aina ya tatu huku kwetu haizungumzwi sana, nayo ndiyo ningeisifu kuliko zote kwa wakazi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa: kidonge cha redio anachovaa paka na kishikizo chake, yaani kipokezi unachoshika wewe mkononi. Hakihitaji intaneti, laini wala ramani. Unashika kishikizo, na kinalia au kuwaka taa kadiri unavyokaribia. Penye uwazi hufika mita 100 hivi, kuta hupunguza. Namna ya kukitumia ni kukishika karibu na kifua na kujigeuza taratibu duara zima. Mwili wako unaziba mawimbi ya nyuma, kwa hiyo upande unaolia kwa nguvu ndio upande alipo paka. Tembea hatua 20, jigeuze tena. Kwenye nyumba za mawe GPS hupata shida: kuta nene na vichochoro vyembamba huziba setilaiti, na mawimbi yakigonga ukuta na kurudi, ramani hukupeleka mtaa wa nyuma. Chini ya mabati ni hivyo hivyo. Kishikizo kinasema tu "huku" au "siko huku", na katika uchochoro hilo ndilo unalotaka kujua.

Aina ya nne ni chipu inayodungwa chini ya ngozi, kati ya mabega. Wako wanaoitangaza kama "GPS ya kudunga". Si GPS. Ni kitu cha ukubwa wa punje ya mchele, urefu wa milimita 12 hivi, hakina betri, na kinachotoa ni namba ya tarakimu 15 pale tu kifaa cha kusomea chipu kinaposogezwa karibu, sentimita chache. Haimtafuti paka, inamtambulisha akishapatikana. England imeilazimisha kwa paka tangu tarehe 10 Juni 2024, kabla hawajatimiza wiki 20. Ni kinga nzuri kwa sababu haidondoki, lakini kabla ya kulipia muulize daktari wako wa mifugo mambo mawili: ana kifaa cha kuisomea, na namba hiyo inaandikwa kwenye daftari gani.

Nimekuja kwenye jambo linaloniudhi zaidi, nalo ni mkanda wenyewe. Wapo wauzaji wanaofunga kifaa kwa bizimu ngumu ya mbwa, au hata kwa waya, "ili kisipotee". Paka hupita kwenye matundu, hupanda miti, huruka madirisha yenye nondo. Mkanda usioachia ukinasa kwenye tawi au msumari, paka ananing'inia hadi anakufa. Mkanda wa mpira unaovutika nao una ubaya wake: paka akihangaika, mguu wa mbele huingia ndani ya kola, mkanda ukahamia kwapani, ukakata nyama kwa siku kadhaa kabla mtu hajagundua. Kola ya paka iwe na bizimu inayofunguka yenyewe ikivutwa kwa nguvu. Ndiyo, siku moja itafunguka na utapoteza kifaa. Kifaa kinanunuliwa kingine.

Bizimu ijaribiwe nyumbani. Funga kola, itundike kwenye kitasa cha mlango, ning'iniza mfuko na uweke chupa za maji. Lita moja ni kilo moja. Anza na nusu lita, ongeza kidogo kidogo. Kwa paka wa kilo 3 hadi 4, bizimu iwe imefunguka kabla hujafika lita 2, kwa sababu paka aliyenasa huvuta kwa uzito wake mwenyewe na hana zaidi ya huo. Ikifunguka kwa nusu lita, itadondoka kila siku, tafuta nyingine. Shingoni, vidole viwili vipite kati ya mkanda na ngozi, si zaidi. Uzito wa kifaa na mkanda usizidi asilimia 2 ya uzito wa paka: kwa paka wa kilo 3 ni gramu 60. Mtoto wa paka wa kilo moja asivishwe kifaa. Atosheke na mkanda mwepesi ulioandikwa namba yako ya simu, na uupime kila wiki kwa sababu shingo inakua.

Siku mbili tatu za kwanza mvishe mkanda mtupu, ukimwangalia, hasa saa ya kula. Kisha kifaa kikiwa kimezimwa. Akitembea kinyumenyume, akijikuna bila kuacha, au manyoya yakinyonyoka chini ya kidevu, kivue. Kifaa kizito huzunguka kikaangalia chini, na hapo antena hutazama sakafu badala ya anga, kwa hiyo chagua kilichopinda kufuata shingo. Namba ya simu iandikwe kwenye mkanda hata kama kuna kifaa.

Na hata ukiwa na kola nzuri, kutafuta kunabaki kwa miguu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwafuatilia kwa GPS paka 925 wa majumbani katika nchi sita, na eneo lao la kuzurura lilikuwa wastani wa hekta 3.6 tu. Mwingine wa mwaka 2018 kuhusu paka waliopotea ulionyesha kwamba robo tatu walipatikana ndani ya mita 500 kutoka walipotorokea, na theluthi walipatikana ndani ya siku 7. Chukua alama ya mwisho kwenye ramani, chora duara la mita 50 kuizunguka, na umalize duara hilo kabla ya kwenda mbali: mvunguni mwa magari, darini, kwenye mitaro, stoo za majirani zilizofungwa jioni. Nenda usiku wa manane au alfajiri na tochi uliyoishika usawa wa macho yako. Macho ya paka yatang'aa. Usiende na kundi la watoto wanaoita, kwani paka aliyeogopa hajibu hata akisikia sauti ya mwenye nyumba. Na kama ni dume asiyehasiwa, ujue atatoka tena. Kumhasi hupunguza uzururaji wake kuliko kola yoyote inavyoweza.

Ombi langu ni kwa wauzaji na kwa mamlaka za mawasiliano, TCRA kwa Tanzania na CA kwa Kenya, ambazo ndizo huidhinisha vifaa vya redio na simu kabla havijaingia sokoni. Kila boksi la kola lieleze kwa Kiswahili kifaa kinatumia njia ipi kati ya hizi nne, masafa yake, uzito wake kwa gramu, na kama bizimu inaachia ikivutwa. Muuzaji asiyeweza kujibu hayo manne asipewe hela.

Daktari wa mifugo,
Dar es Salaam