Risala ya klabu ya sayansi kwa Mama Mgeni Rasmi, Katuba, Lubumbashi

Mama Mgeni Rasmi,
Baba Prefe, mkuu wa shule yetu,
Wajumbe wa kamati ya wazazi, walimu wetu, wanafunzi wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Tunakusalimu kwa heshima zote, Mama, na tunakupa pole ya njia. Tulikuona ukiacha gari kule barabarani na kuja kwa miguu kwa sababu ya lile shimo. Shimo si letu, lakini tunaliombea radhi. Karibu sana. Shule hii ni yako kuliko ilivyo yetu: sisi tunapita tu, ila jina lako limechongwa kwa kisu kwenye dawati la tatu la darasa la nne, na mpaka leo hakuna aliyethubutu kulikwangua.

Historia ya klabu ni fupi. Tulianza tukiwa saba wa biolojia-kemia na mwalimu mmoja, chini ya mwembe, kwa kuwa chumba cha maabara kilikuwa ghala la saruji. Saruji ikaisha, tukaingia. Leo tuko thelathini na wanne.

Mafanikio ni mengi, tukiyataja yote jua litatuzamia. Tumeotesha fuwele za sulfate ya shaba, na moja imefikia ukubwa wa punje ya muhindi. Kwa ufahamu wetu ndiyo kubwa kuliko zote katika Katuba. Tuna darubini moja yenye lenzi tatu, na mbili kati ya hizo zinaona. Tuna ushirikiano na shule nyingine, maana mwaka jana wanafunzi wawili wa jirani walikuja kuazima bika, kile chombo cha kioo cha maabara, wakakaa nasi saa nzima. Bika bado tunaisubiri.

Lakini kazi yetu kubwa, ile iliyotufanya tukuandikie barua tatu, ni ya kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kemia ndani ya viumbe, kinachoitwa ureasi.

Ureasi huvunja urea, hiyo hiyo ya mfuko wa mbolea, ikatoka amonia na hewa ya kaboni. Anayo bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye hukadiriwa kukaa tumboni mwa karibu nusu ya watu duniani, na huenda yumo hata kwetu tuliokaa viti vya mbele. Asidi ya tumbo ingemuua mara moja. Yeye hujizungushia amonia, asidi ikapoa, akajenga. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kugundua bakteria huyu na kuonyesha kwamba ndiye analeta vidonda vya tumbo, sisi tuliokuwa tunalaumu pilipili na mawazo.

Sasa hapa, Mama, tunaomba usikilize kwa makini, maana ombi letu limelala humu. Ureasi ikishatengenezwa haifanyi kazi. Imekunjwa vizuri, umbo lake limekamilika, ukiitazama utasema hii iko tayari. Lakini kitovu chake ni kitupu. Inangoja atomi mbili za nikeli, na bila hizo itakaa hivyo hivyo bila kuvunja hata chembe ya urea. Nayo nikeli haiwezi kuachwa izurure ndani ya seli, kwa sababu ikiwa huru ni sumu, lazima isindikizwe. Ndiyo maana bakteria ana protini nyingine ambazo kazi yake ni kuikomaza ureasi: UreE, UreF, UreG na UreH. UreE huipokea nikeli na kuikabidhi UreG, na UreG, ikisaidiwa na hizo mbili zilizobaki, huifikisha pale penye kitovu.

Mwaka 2013 wataalamu wa Hong Kong walitoa umbo la fuwele la UreG, UreF na UreH zikiwa zimeshikana, mbili mbili za kila aina. Mwaka 2017 wakaonyesha UreG ya bakteria mwingine, Klebsiella: UreG mbili zimekumbatiana, na nikeli moja iko katikati, kila upande umeishika kwa vidole viwili, sisteini na histidini, ambazo ni asidi amino, matofali yanayojenga protini. Zinapokumbatiana hivyo kila moja imebeba GTP, chembe ndogo inayobeba nishati ndani ya seli. GTP ikivunjwa, kumbatio linalegea na nikeli inaachiwa. Utaona, Mama, kwamba UreG haiahidi nikeli. Inakuja nayo mkononi.

Maumbo haya tumeyaona kwa macho yetu kwenye simu ya mwalimu, kwa sababu tangu mwaka 1971 kuna hazina ya dunia nzima inayotunza maumbo ya protini, na kuyachukua ni bure. Kilichotugharimu ni mega tu. Lakini ili umbo lipatikane, kwanza protini inabidi iwe fuwele, yaani mamilioni kwa mamilioni ya chembe zijipange sawasawa kama sisi asubuhi mbele ya bendera, ndipo mionzi ya eksi ipigwe na kusomwa ilivyotawanyika. Mionzi hatuna na hatukuombi. Sisi tunataka kufika pale pa kupanga mstari.

Na hilo linawezekana kwa mikono ya watu wa kawaida. Mtu wa kwanza duniani kupata fuwele za kimeng'enya alizipata za ureasi hii hii, mwaka 1926, akaja kupata Nobel mwaka 1946. Ni James Sumner wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Alikuwa na mkono mmoja, wa kushoto ulikatwa angali kijana baada ya ajali ya bunduki. Alihangaika miaka tisa. Hakutumia bakteria, alitumia maharage meupe makubwa ya Canavalia, yale watu wanapanda kufunika udongo. Akachanganya unga wake na maji na asetoni, akachuja, akaweka baridini usiku kucha. Na kuna jambo yeye mwenyewe alilisimulia, nasi tumelinakili ukutani: siku hizo maabara yake haikuwa na sanduku la barafu, wakawa wanapanga mitungi yao dirishani na kuomba Mungu alete baridi.

Mama, sisi tumefanya vivyo hivyo. Maharage tulipewa na bibi wa mwanafunzi mmoja. Asetoni tulinunua sokoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, na mwalimu alituonya kwamba si safi. Unga ulikubali: tulipoutia kwenye maji ya urea, karatasi ya turnesoli, ile ya kupimia asidi na besi, iligeuka buluu na chumba kikanuka amonia kama choo cha stesheni. Ureasi ilikuwamo. Iliyokosekana ni baridi ya kukaa mahali pamoja.

Umeme wa mtaa wetu unaujua. Unakuja usiku wa manane, unaondoka kabla jogoo hajaamua. Tuliazima nafasi katika friza ya mama mmoja anayeuza samaki wa tomsoni, wale wa kugandishwa. Chupa yetu ilikaa siku mbili kati ya samaki na mifuko ya maji, ikaganda, ikayeyuka, ikaganda tena, na mama akasema samaki wake wameanza kunuka saluni. Alikuwa na haki. Tukahamia dirishani kama Sumner, mwezi wa saba, maana baridi ya usiku ya Lubumbashi mwezi huo si ya mchezo. Wavulana wawili walilinda chupa wamejifunika blanketi moja. Alfajiri chini ya chupa palikuwa na kitu cheupe. Tuliweka tone moja chini ya darubini, na kwa dakika chache tukaona vijiwe vidogo vyenye kona kali, vinang'aa. Mwalimu alikataa kuapa kwamba ni ureasi. Alisema inaweza kuwa chumvi, inaweza kuwa uchafu wa asetoni. Tulitaka kurudia jioni ili tuhakikishe. Saa nne jua likapiga dirisha. Tuliporudi kutoka kipindi cha hisabati, chupa ilikuwa uji unaonuka.

Hiyo ndiyo shida yetu, Mama, na ni moja tu. Tunaomba frigo ndogo ya mlango mmoja, pano nne za sola, batri mbili na konvertisa ya kugeuza umeme wa batri uwe wa frigo. Paa linabeba; baba wa mmoja wetu ni fundi, amelipanda na kulikagua. Proforma, yaani karatasi za bei, za wauzaji watatu ziko ndani ya bahasha. Bei hatuitaji hapa hadharani, kwa adabu.

Baba Prefe aliniambia nifute sehemu inayofuata. Nimeifupisha.

Ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa miaka mitatu iliyopita alilipokea akisimama hapo ulipo, akasema pano sita, sisi tulikuwa tumeomba nne, na akasema kabla ya mvua. Tulipiga makofi mpaka mikono ikauma. Fundi akapigilia msumari mkubwa ukutani wa kupitishia waya. Mvua zimekuja na kwenda mara tatu. Msumari bado upo, tunautundikia kitambaa cha kudekia. Aliyemfuata alitaka proforma, tukampelekea. Akataka nyingine yenye muhuri, tukampelekea. Akataka ya tarehe mpya, tukampelekea. Kilichokuja ni fulana thelathini zenye picha yake. Tunamshukuru kwa dhati. Pamba yake inafuta ubao vizuri sana.

Hatusemi haya kukulinganisha nao, Mama. Wewe ulisoma humu, ulishika mitungi hii hii, na ule ufa wa mezani unasemekana uliuacha wewe. Tunayasema ili ukisikia makofi yetu leo ni ya wastani, usidhani ni utovu wa heshima. Tumebakiza mengine.

Kwa upande wetu, chumba tayari kina kufuli mbili na funguo ziko kwa watu tofauti. Frigo haitawekwa soda ya mtu yeyote, hata ya walimu; hilo limeandikwa na walimu wametia sahihi, mmoja baada ya kubishana. Na kama ukipenda kununua vitu mwenyewe bila kupitisha fedha mikononi mwa kamati, hatutaona vibaya. Kwa kweli tungependelea hivyo.

Mwisho, tunakuletea zawadi. Ni zile UreG mbili zilizokumbatiana, tumezisuka kwa nyaya za shaba. Mgeni aliyekutangulia alipewa kama hiyo, na ya kwake ilikuwa na ushanga wa malakiti, lile jiwe la kijani, katikati kuwakilisha nikeli. Tunajua malakiti ni ya shaba, lakini hicho ndicho kijani tulichonacho Katanga. Yako, Mama, tumeiacha wazi katikati. Ushanga wa hii yako ninao mimi hapa mfukoni. Tutautia siku frigo itakapowashwa, na siku hiyo hutahitaji kuandikiwa risala.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanaklabu wote