Mdogo wangu, kabla hujaenda Goma na kamera

Mdogo wangu,

Mama ameniambia umeshaandika barua ya kuacha kazi na unataka kwenda Goma kupiga filamu zako mwenyewe. Sikuandikii kukuzuia. Nakuandikia kwa sababu kila tukizungumza unamtaja John Pilger, yule mwandishi wa habari na mtengeneza filamu za kweli kutoka Australia, na mzee yule nimemfuatilia miaka mingi, tangu kabla hajafariki London mwishoni mwa 2023 akiwa na miaka 84. Naona umemshika upande mmoja tu: helikopta, vumbi, mwandishi anayembana waziri mbele ya kamera.

Upande huo upo, sikatai. Filamu yake ya kwanza, ya mwaka 1970, aliipiga Vietnam, akawaonyesha askari wa Marekani waliochoshwa na vita na kuanza kuwageuka maofisa wao wenyewe. Mwaka 1979 aliingia Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, miezi michache tu baada ya dikteta Pol Pot kung'olewa. Nchi za Magharibi zilikuwa zikiinyima Kambodia misaada kwa kuwa waliomng'oa walikuwa Wavietnam. Filamu yake ilipoonyeshwa, watazamaji wa kawaida walichanga mamilioni kwa ajili ya chakula na dawa.

Lakini jiulize nani alilipia safari zile. Pilger aliingia Daily Mirror mwaka 1963, gazeti lililokuwa likiuza mamilioni ya nakala kwa siku. Filamu zake nyingi zilirushwa na ITV ya Uingereza, si hii yetu. Kwa hiyo huyo tunayemwita mwandishi huru alikuwa na mshahara, alikuwa na wanasheria, na filamu ikikamilika ilikuwa na mahali pa kuonyeshwa. Wewe utaanza bila hata kimoja, na hilo tulizungumze kwa mapana, maana shauku hailipi kodi ya chumba.

Sasa nenda katazame filamu yake ya 2004 kuhusu visiwa vya Chagos, katikati ya Bahari ya Hindi. Naomba uitazame mara mbili. Kati ya 1968 na 1973 Uingereza iliwaondoa wakazi wote wa visiwa vile, watu kati ya 1,500 na 2,000, ili kisiwa kikubwa kati yao, Diego Garcia, kiwe kambi ya kijeshi ya Marekani. Mababu zao waliletwa utumwani kutoka Madagaska na Msumbiji kufanya kazi kwenye minazi. Ni watu wa bahari hii hii yetu, na sisi shuleni hatukufundishwa hata jina lao. Katika filamu wanasimulia jinsi mbwa wao walivyokusanywa na kuuawa kwa moshi wa magari ya jeshi. Kisha wakapakiwa melini, wakashushwa Mauritius na Shelisheli, wengi wakaishia kwenye mabanda ya Port Louis.

Mara unaonyeshwa makaratasi ya serikali. Mwaka 1966 afisa mmoja wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza aliwaandika watu hawa kwa kejeli, akiwaita akina Tarzan wachache ambao asili yao haijulikani. Nyaraka nyingine zinaonyesha maofisa wakikubaliana kuuambia ulimwengu kwamba wale si wenyeji, ni vibarua wa muda tu. Simulizi ya bibi na karatasi ya afisa vimewekwa sambamba, na huhitaji mtu akueleze nani mwongo. Na hiyo ni filamu ya kupinga vita kuliko nyingi zenye milipuko, kwa sababu ndege za kivita za B-52 zilizokwenda kuipiga Irak na Afghanistan zilirukia kwenye kambi hiyo.

Kazi ile ilifanyika vibarazani mwa mabibi na kwenye mafaili yenye vumbi, na hiyo ndiyo nataka uiige.

Usiige yote. Mwaka 1982 aliandika habari ya mtoto wa Thailand aliyenunuliwa ili kukombolewa utumwani, kumbe mtu wa kati alikuwa amemtapeli Pilger kwa habari ya uongo. Na uzeeni, hasira yake kwa Washington ilimfanya awe mwepesi mno wa kuwaamini maadui wa Washington. Mwaka 2018 alikwenda kwenye televisheni ya dola ya Urusi na kuuita mkasa wa Salisbury, Uingereza, ambako jasusi wa zamani wa Urusi alipewa sumu, mchezo uliopangwa. Iliniuma, kwa sababu mtu aliyefukua nyaraka za Chagos alijua ushahidi unadai nini.

Pale Goma una jambo ambalo yeye hakuwa nalo Kambodia: hutahitaji mkalimani. Kiswahili chao kina ladha yake, lakini mama akilia utajua analia nini. Basi msikilize mpaka amalize. Mabibi wa Chagos walitaka sura zao zionekane. Tangu waasi wa M23 waingie mjini Goma Januari 2025, sura ya mtu inaweza kumponza wewe ukiwa umeshapanda ndege. Muulize kabla hujawasha kamera, na umuulize tena kabla hujaondoka.

Pesa za diski mbili za kuhifadhia picha nitakutumia mwisho wa mwezi. Moja utembee nayo, nyingine ije kwangu kila upatapo mtu wa kuaminika wa kuileta. Na kabla hujavuka mpaka nitumie jina la utakayefikia kwake, namba yake, na siku unayotegemea kurudi.

Dada yako