Kuta za Ujiji si za asubuhi na jioni tu

Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe ushauri unaorudiwa kila zinapotajwa picha za karibu za kuta zilizochakaa: "Piga asubuhi au jioni." Kwa Kigoma ushauri huo unaharibu picha nyingi nzuri.

Uhai wa picha ya rangi iliyobambuka uko kwenye vivuli. Gamba la rangi halifiki unene wa milimita moja, wala halitoi kivuli mpaka jua lipite likiuparaza ukuta. Ukuta unaotazama mashariki hupigwa na jua la asubuhi usoni, na magamba yote hulala bapa kama madoa. Tena saa zetu zinafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ilhali Kigoma iko karibu na nyuzi 30, kwa hiyo jua hufika utosini yapata saa saba mchana. Ukuta wa mashariki, basi, upige kati ya saa tano na nusu na saa sita na nusu. Wa magharibi, saa saba na nusu hadi saa nane na nusu. Paa litatupa kivuli juu, lakini chini ndiko unyevu unakopanda na chokaa kumeng'enyeka. Utajiri wote uko huko. Ukuta wa kaskazini ndio zawadi: kuanzia Mei hadi Agosti jua huuparaza kutwa nzima. Novemba hadi Januari, nenda wa kusini.

Kosa la pili ni kuinamisha kamera. Kwa umbali wa sentimita 20 au 30, kinachoonekana vizuri ni kina cha milimita chache tu. Ukiiinamisha kamera kidogo, nusu ya picha inafifia. Bandika kioo kidogo ukutani, katikati ya picha: ukiiona lenzi yako katikati ya kioo, umenyooka. Aaron Siskind wa Marekani, aliyeanza kupiga kuta za namna hii miaka ya 1940, alizikabili hivyo hivyo, uso kwa uso. Tundu la lenzi liweke f/8 au f/11, kwani f/22, tundu dogo mno, hulainisha picha nzima, na uweke kamera ijipige yenyewe baada ya sekunde 2. Mizani ya rangi ya kamera (white balance) iweke kwenye alama ya jua. Ukiiacha ijichagulie, itaipoza kutu ya mabati mpaka ipoteze wekundu wake.

Linaloniuma zaidi ni vijana wanaobandua rangi kwa kucha ili "inoge". Chokaa iliyofunuliwa leo ni nyeupe mno, haina vumbi kwenye kingo, na jicho huigundua mara moja. Rangi za zamani huenda zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu. Isitoshe, ule ni ukuta wa nyumba ya mtu. Piga hodi kwanza.

Ombi langu kwenu: mnapochapisha picha hizi, andikeni chini yake saa iliyopigwa na upande ukuta unaotazama.

Mpiga picha,
Ujiji, Kigoma