Nimekemewa roho ya woga mbele ya wamama wote

Shikamoo mama,

Naandika saa hizi za usiku kwa sababu usingizi umegoma, na nikikaa nalo moyoni mpaka asubuhi nitamjibu mtu vibaya. Jana kwenye maombi ya wamama, yule mama (hawa wa kwetu unawajua, akishapewa uongozi basi) alisimama katikati ya maombi akasema, "Kuna mwenzetu hapa amefungwa na roho ya woga." Hakutaja jina. Hakuwa na haja, wote walinigeukia mimi. Nikaitwa mbele, nikashikwa kichwa, kilemba kikaanguka, naye anakemea toka, toka, toka, utadhani nimekuja na jini. Mabinti wa kwaya walikuwa mlangoni wanasubiri zamu yao ya mazoezi. Mmoja wao namfundisha Shule ya Jumapili.

Na yote haya ni kwa sababu nimesema siendi Ukara, kisiwani kwao mume wangu.

Mama, mimi si mtu asiye na imani. Nimeokoka kabla huyo mama hajahamia mtaani kwetu. Nafunga, nakesha, toleo langu halijawahi kupungua. Mtoto wa pili nilijifungua kwa kisu, na nililala kwenye kile kitanda nikiimba mpaka nesi akacheka. Nyoka naua mwenyewe, mume wangu ndiye anayepanda juu ya kiti. Ni maji tu.

Ya Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipozama, unayajua, nisikuchoshe. Ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio Bugolora, upande wa Ukerewe, na dada yangu alikuwa anarudi kwake na mzigo. Yeye ndiye aliyeolewa Ukara kwanza, na mimi kwa kumtembelea yeye ndipo nikampata mume wangu, mdogo wake shemeji. Kivuko cha watu 101, na waliokufa wakazidi 200. Sasa hiyo hesabu ni ya shetani? Maana wananiambia shetani ananitisha. Shetani hakukata tiketi siku ile. Na ilikuwa karibu kabisa na gati, mama, watu wa Bwisya, pale Ukara, wamesimama wanawasubiri ndugu zao, wanawaona kwa macho. Jumamosi akatolewa fundi mmoja kule ndani, mzima, na sisi wote pale ufukweni tukapata moyo, tukaimba. Dada yangu tulimtambua kwa kitenge, sare ya harusi yangu.

Nilivushwa kwenda kumzika na nikarudishwa, njia yenyewe siikumbuki. Tangu hapo sijapanda chombo chochote cha majini. Kwa mama yangu Sengerema nilikuwa nazunguka na basi Shinyanga, Kahama, Geita, siku nzima barabarani, watu wananicheka. Daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa 2025 nililia ndani ya basi, abiria wa pembeni akadhani nimefiwa. Lakini Ukara hakuna daraja. Upite Nansio kwa meli au uzunguke Bunda mpaka Kisorya, mwisho wake ni maji tu.

Sasa familia inajengea kaburi la baba mkwe, kuna ibada ya shukrani, na wamama wa kanisa na kwaya wanakwenda kutusindikiza. Msiba ni wa kwangu, wageni ni wa kwangu, halafu mwenyeji sitakuwepo. Mama mkwe amepiga simu, anauliza bila mimi nani atapokea watu. Hilo linaniuma, sikatai. Lakini kukemewa kama mwenye pepo, mbele ya watoto ninaowafundisha!

Utauliza mume anasemaje. Nilipomsimulia akasema, "Si walikuombea tu." Walikuombea tu! Naye siku ile alifiwa na shemeji yake na binamu yake, na bado anavuka kila akihitajika. Amekulia pale, kwao maji ni barabara. Simlaumu. Angesema neno moja tu mbele ya wale wamama, kwamba mke wangu hana pepo, ana msiba. Hakusema.

Wananisomea 2 Timotheo 1:7, kwamba Mungu hakutupa roho ya woga. Naijua bila kufungua Biblia. Lakini wasome na Marko 14, pale Gethsemane, Bwana mwenyewe alianza kufadhaika sana na kuhangaika. Nani alimshika kichwa? Na wale wanafunzi kwenye dhoruba, Marko 4, Bwana aliwauliza mbona mmekuwa waoga, sawa, ila alikuwa ameshautuliza upepo. Mimi wananianza na swali.

Kwa hiyo usiniambie niende, nimeshaamua. Ingawa nikisikia honi ya meli ya Nansio huwa nawaza nipande tu siku moja, nifike Bwisya, nilione kaburi la dada, maana sijarudi pale tangu tulipomwacha. Nimewahi kushuka mpaka bandarini na begi langu. Nikaona watu wanavyosukumana getini, miguu ikafa ganzi, nikarudi na bodaboda. Hilo hata mume hajui.

Kuna kingine kidogo. Mume anataka kwenda na mtoto wetu wa mwisho, ana miaka mitano, eti bibi yake hajamwona. Nimesema asubiri akue. Akanijibu nibaki na woga wangu, nisimrithishe mtoto. Maneno hayo si ya kwake, nadhani yametoka kwa yule mama. Je, ninaweza kukataa mtoto asiende na bado nikawa mke mwenye heshima na mtu wa imani? Au nimwache aende, mimi nikae hapa siku zote hizo nimeshika simu? Na nikipiga magoti naomba nini, Mungu aniondolee woga au amlinde mtoto? Nikianza la kwanza nasikia kama namwachilia mtoto, nikianza la pili nasikia sauti ya yule mama, toka, toka. Nimemuuliza mchungaji, akasema tutaongea baada ya safari.

Wanaondoka Ijumaa ya wiki ijayo, tafadhali nijibu kabla. Usitaje kanisa letu. Na habari ya kilemba uiondoe, wamama wote watajua ni mimi. Au iache tu. Yule mama naye husoma ukurasa wako.

Binti yako,
Mwanza